Kabla hatujapanda mizeituni Nyanda za Juu Kusini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Uyole, Mbeya, ambaye barua yake uliitoa karibuni akiwashauri wakulima wa Mbeya, Njombe na Iringa wapunguze mahindi wapande mizeituni. Hoja yake ni kwamba baridi tunayo, miinuko tunayo, na chupa moja ya mafuta ya zeituni mjini inauzwa kwa bei ambayo mkamuaji wa alizeti haipati hata ndotoni. Kuhusu bei sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni pale anapodhani kwamba bei hiyo inazaliwa na mti.

Mimi ni mkamuaji wa alizeti. Mashine yangu iko Ipogolo, hapa Iringa, bondeni inakopita barabara kuu ya kwenda Mbeya. Kabla ya hapo nilikuwa fundi mitambo kwenye karakana ya misheni, na wazee wa huku wanajua kwamba sisi na Wataliano tumetoka mbali: wamisionari wa Consolata walikuja Iringa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabenediktini wa Kijerumani walipoondolewa, na Tosamaganga mpaka leo inashuhudia. Lakini msidhani nilijifunza habari za zeituni kwa mapadre wale. Shirika lao ni la Torino, kaskazini, ambako watu hupenda kupikia siagi. Nilijifunza nilipofika Italia mwenyewe. Parokia moja ya mkoa wa Umbria ilikuwa na urafiki na parokia yetu, tukaalikwa kikundi kidogo, na tukafika Oktoba, mavuno yakiwa yamepamba moto. Wenzangu walitaka kuzunguka makanisa. Mimi nikishasali kwenye kaburi la Mtakatifu Fransisko pale Assisi nilimwomba mwenyeji wetu anipeleke kwenye mashine.

Umbria iko katikati ya Italia, haina bahari hata upande mmoja, na makao makuu yake ni Perugia. Kutoka Assisi kuelekea kusini, kupitia Spello na Trevi mpaka Spoleto, kuna mteremko wa milima wa kilomita kama 40, na karibu wote umevikwa mizeituni. Ukiutazama kutoka barabarani unaona rangi moja ya kijivu inayong'aa, na upepo ukipita majani yanageuka upande wa chini yakawa kama fedha. Mtu wa Njombe atadhani ni miwati. Ukipanda sasa, ndipo unapoona kazi. Udongo wenyewe ni haba, mawe ya chokaa matupu, mahali ambapo mkulima wa Isimani asingepoteza hata mbegu moja ya mtama. Wazee wao waliyaokota mawe hayo, wakayapanga kuwa kuta bila saruji wala udongo, ukuta juu ya ukuta, ili mvua isiteremshe kidogo kilichopo. Mahali pengine mteremko ni mkali kiasi kwamba hakuna nafasi ya tuta refu, basi kila mti umejengewa ukuta wake wa nusu duara upande wa chini. Mti mmoja, ukuta mmoja. Niliwaza mikono iliyofanya vile, nikakumbuka ngoro za Wamatengo kule Mbinga, mashimo yale yanayochimbwa mlimani majani yakilazwa chini na udongo ukifunikwa juu. Akili ni ileile.

Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliuingiza mteremko huo wa Assisi mpaka Spoleto kwenye orodha yake ya mifumo ya kilimo ambayo ni urithi wa dunia nzima. Kabla msomaji wa Uyole hajasema "ndio hao, wenzetu wameendelea", nimkumbushe kwamba Shimbwe Juu, kwenye vihamba vya Wachaga mlimani Kilimanjaro, iliingia kwenye orodha hiyohiyo mwaka 2011. Tuliwatangulia kwa miaka saba. Ila niulize ni wangapi wanaonunua ndizi au kahawa leo kwa sababu imetoka Shimbwe Juu, na bei ikapanda kwa hilo.

Aina ya mzeituni inayotawala kule inaitwa Moraiolo. Zeituni zake ni ndogo, za mviringo, na mti wake unavumilia mawe na upepo kuliko mingine. Nilishangaa kuona miti mingi inatoka mashina mawili matatu kwenye kisiki kimoja, kama mgomba na watoto wake. Mwenyeji wetu akanieleza kwamba Januari 1985 ilishuka baridi ambayo haijasahaulika Italia ya kati nzima. Mizeituni ilipasuka magome, ikakauka, wakulima wakaikata mpaka chini. Mizizi haikufa. Machipukizi yaliyotoka ndiyo miti ninayoiona. Yeye alikuwa kijana wakati huo, na aliniambia kwamba baba yake alikata huku analia. Pale Bovara, chini ya mji wa Trevi, upo mzeituni mmoja mkubwa ambao wanasema una miaka kama 1,700, na kwamba askofu Emiliano alifungwa kwenye mti huo akauawa kwa ajili ya imani mwanzoni mwa karne ya 4. Umri wa mti sikuupima. Nilichoona ni kwamba hakuna aliyeukata apate kuni.

Sasa nije kwenye mashine, maana huko ndiko mimi nina la kusema.

Zeituni zinavunwa kwa kutandaza nyavu chini ya mti, kisha watu wanachana matawi kwa vitana vya mkono au vya umeme. Hawazijazi kwenye gunia. Wanaziweka kwenye kreti zenye matundu, kina kifupi, ili zisilaliane zikapata joto na kuanza kuchacha. Na hazilali shambani. Zilizovunwa leo zinakwenda mashineni leo, zikichelewa sana kesho. Usiku ule niliokwenda kulikuwa na foleni ya vigari na matela mpaka saa nne, na hakuna aliyekubali kurudi nyumbani kulala na kuacha kreti zake. Kila mtu alisimama mahali anapoona zake zikiingia, akazifuata kwa macho hatua kwa hatua mpaka mafuta yake yalipoanza kutiririka upande wa pili, ndipo akapumua. Nilicheka peke yangu. Ipogolo mkulima wangu analalia gunia lake hadi zamu yake ifike, akiamini kabisa kwamba nikimgeuzia kisogo nitamchanganyia na la jirani. Kumbe hofu hiyo haina kabila.

Zeituni zinapulizwa majani, zinaoshwa, zinasagwa pamoja na kokwa zake. Zamani ilikuwa mawe makubwa ya duara, na rojo lilipakwa kwenye mikeka ya mviringo iliyopangwa kama chapati na kugandamizwa. Mikeka hiyo nimeiona imetundikwa ukutani kama mapambo. Siku hizi ni kinu cha chuma. Rojo linaingia kwenye pipa lenye mkono unaozunguka polepole, kwa muda wa nusu saa hivi, matone madogo ya mafuta yakutane yawe makubwa. Kisha mtambo unaozungushwa kwa kasi unatenganisha mafuta, maji na makapi. Hapo kwenye pipa la kuzungusha kuna kipimajoto, na ndicho mwenye mashine alichonionyesha kabla ya kitu kingine chochote. Kikipita nyuzi 27, hana ruhusa tena ya kuandika kwenye chupa kwamba mafuta yamekamuliwa kwa baridi. Akiongeza moto anapata mafuta mengi zaidi; anajua, nami najua, kwa sababu sisi wa alizeti tunazipasha mbegu moto makusudi ili skrubu itoe yote. Yeye anaacha mafuta kwenye makapi kwa hiari yake. Katika kilo 100 za zeituni anapata kilo kati ya 10 na 20, na mwaka mbaya ni zile za chini. Alizeti haina ubahili wa namna hiyo. Makapi nayo hayatupwi, kama sisi na mashudu: kokwa zinachomwa kupasha nyumba joto wakati wa baridi, na mengine yanauzwa kwa viwanda vinavyoyakamua upya kupata mafuta ya daraja la chini, ambayo sheria inataka yaitwe kwa jina lake hilo la chini.

Kwenye kona ya mashine kulikuwa na moto wa kuni na mkate. Unauchoma mkate, unausugua kitunguu saumu, unaumwagia mafuta yaliyotoka sasa hivi, ya kijani kama maji ya mlenda. Mkate wa Umbria hauna chumvi. Wenyewe husimulia kwamba ni tangu mwaka 1540, Papa Paulo wa Tatu alipoongeza kodi ya chumvi, Perugia ikaasi, ikapigwa, na watu wakaamua kula bila. Vita hiyo ni kweli ilikuwepo na imeandikwa, habari ya mkate ni ya wazee. Lakini mafuta! Nilimeza nikakohoa. Yanakereketa kooni kama pilipili iliyochelewa. Nilidhani yameharibika, wenyewe wakapiga makofi, kwa sababu kikohozi ndicho wanachokitafuta. Uchungu na ule ukali ni dalili kwamba mafuta ni mabichi na hayajachakachuliwa. Tafakari mafuta hayo Ipogolo. Mteja angenirudishia na kuniitia mtendaji wa mtaa.

Na hapa ndipo barua ya msomaji wa Uyole inaponishinda. Wanywaji wa kikohozi hicho tunao wapi? Kwetu mafuta ya zeituni yako kwenye vichupa viwili: kile cha duka la dawa cha kupaka watoto, na kile cha upako kinachouzwa kwenye mikutano ya Injili. Simdharau anayepaka wala anayepakwa. Lakini hakuna mama wa Iringa atakayekaangia perege wa Mtera kwa mafuta ya bei ile. Tutakuwa tunamlimia mtu wa mbali ambaye tayari ana Hispania, Italia, Ugiriki na Tunisia zinamgombania.

Kuhusu mti wenyewe, sitasema hauwezi kuota. Ndugu yake wa porini anaishi kwenye misitu ya milima ya Afrika Mashariki tangu zamani, mti mgumu, mzuri kwa kuni na kuchonga, ila matunda yake ni kokwa na ngozi. Huu wa mafuta unahitaji baridi ya kweli ili uchanue, kisha kiangazi kikavu wakati wa kujaza matunda. Mvua zetu zinanyesha Novemba hadi Aprili. Sijui mti gani wa Umbria utakaofurahia hilo, na kama watafiti wa kituo cha kilimo cha Uyole wanataka kujaribu michache kwenye shamba la majaribio, nawaunga mkono. Kumwambia mkulima apunguze mahindi kwa ajili yake ni jambo jingine.

Kuna hatari ambayo mwenzangu hakuitaja hata kwa sentensi moja, na wakulima wa kahawa wa Mbozi na Rungwe wanapaswa kuisikia. Kusini kabisa mwa Italia, kwenye kisigino cha buti ambalo ramani ya nchi hiyo inafanana nalo, iko sehemu ya mkoa wa Puglia inayoitwa Salento. Puglia ndiyo mama wa mafuta ya Italia, hutoa karibu nusu ya yote. Umbria kando yake ni mtoto. Mwaka 2013, karibu na mji wa Gallipoli, waligundua kwamba mizeituni inakauka kuanzia nchani kwa sababu ya bakteria aitwaye Xylella fastidiosa. Anaziba mishipa inayopandisha maji, mti unakufa kwa kiu hata ukiumwagilia. Anasambazwa na mdudu mdogo mrukaji, yule ambaye watoto wake hujificha ndani ya povu kama mate kwenye majani. Mamilioni ya miti imekauka, mingine ya miaka mamia, na aina mbili za kienyeji walizozitegemea karibu zimekwisha katika eneo hilo. Wanapanda upya kwa aina zinazostahimili, kama Leccino. Wanasayansi walipochunguza nasaba ya bakteria huyo walimkuta anafanana na aliye Kosta Rika, na wanaamini aliingia Ulaya ndani ya miche ya mibuni ya mapambo. Mibuni, yaani miti ya kahawa! Xylella anakula kahawa kama anavyokula zeituni. Sasa leo mtu aagize miche kwenye intaneti, ipite mpakani kwenye begi, ipandwe Mbozi ubavuni mwa kahawa. Mamlaka ya Afya ya Mimea, TPHPA, ipo kwa kazi hiyo, lakini ushauri wa kwenye gazeti unafika haraka kuliko mkaguzi.

Basi nini kinaipa chupa ya Trevi bei yake? Nimeigeuza chupa ile mkononi mara nyingi. Mbele kumeandikwa Umbria, na pembeni jina la vilima, maana mkoa umegawanywa maeneo matano, na hili ni la Assisi na Spoleto. Chini kuna herufi tatu, DOP. Ulaya walianzisha utaratibu huo mwaka 1992, na mafuta ya Umbria yakatambuliwa mwaka 1997. Maana yake ni kwamba zeituni lazima ziwe zimelimwa, zimevunwa na kukamuliwa ndani ya mpaka ule, za aina zilizotajwa, na asidi ya mafuta isizidi asilimia 0.65, wakati sheria ya Ulaya kwa mafuta ya daraja la juu inaruhusu mpaka 0.8. Jina si la kampuni. Ni la vilima. Mkulima yeyote aliye ndani ya mpaka na anayefuata masharti analitumia, na tajiri aliye nje ya mpaka halitumii hata akilipa.

Vipimo vya maabara haviwatoshi. Lazima mafuta yaonjwe na watu. Jopo la waonjaji, kati ya wanane na kumi na wawili, waliofundishwa, wanakaa kila mtu kwenye kibanda chake. Mafuta yanapashwa hadi nyuzi 28 hivi kwenye bilauri nyeusi au ya buluu iliyokoza, ili rangi isimdanganye mtu, maana rangi haina maana kwenye ubora. Wakikuta harufu ya kuchacha, ya tope, ya uvundo, hata kidogo tu, mafuta yanashushwa daraja bila kujali mwenye nayo ni nani. Na kwenye migahawa, tangu mwaka 2014, sheria ya Italia inataka chupa ya mafuta iliyo mezani iwe na kifuniko kisichoruhusu kujazwa upya. Nani kwetu amewahi kufikiria jambo dogo na zito kama hilo?

Sisemi Wataliano ni malaika. Wanakula mafuta mengi kuliko wanayozalisha, wanaagiza nje, na wapo wanaoyavisha ya nje nguo za Kitaliano. Askari wao wa chakula hawakosi kazi. Na juu ya Trevi niliona kuta zilizobomoka na mizeituni iliyomezwa na vichaka, kwa kuwa vijana wamekwenda mjini na hesabu ya kuvuna kwa mkono haiwalipi wote. Hata hivyo, anayedanganya kule anajua kwamba anavunja sheria yenye meno.

Njoo sasa kwetu. Toka Iringa mpaka Makambako hesabu chupa za maji ya kunywa zilizotumika, zimejazwa mafuta, zimepangwa mezani juani kutwa nzima. Jua ni adui wa mafuta yoyote; wenzetu wanayaweka kwenye mikebe na chupa za giza. Hakuna jina la kijiji, hakuna tarehe, hakuna aliyekamua. Ukiuliza unaambiwa ni alizeti halisi. Mengine ni halisi kweli, mengine yamechanganywa na mawese yaliyosafishwa kutoka ng'ambo. Mama wa Mafinga na wa Makete hana maabara, ana Julai. Asubuhi yenye umande mkali anatazama chupa dirishani. Yaliyoganda chini anajua amepigwa. Kipimo kizuri, ila msomaji wa Uyole ajue kwamba mafuta ya zeituni nayo huganda kwenye baridi, kwa hiyo zeituni zake halisi zingekataliwa Makete asubuhi ya kwanza. Na mawese ya Kyela yenyewe, mekundu, yenye harufu yake, sina neno nayo. Anayeuza mawese kwa jina la mawese ni mtu mwaminifu.

Uchakachuaji tunauchukulia kama ujanja wa biashara. Mwaka 1981 nchini Hispania wachuuzi waliuza mtaani, nyumba kwa nyumba, mafuta ya mbegu za mmea wa rapa yaliyokusudiwa viwandani, wakayaita ya zeituni. Maelfu waliugua, mamia walikufa, na wapo waliobaki na ulemavu. Walionunua walikuwa maskini waliotafuta mafuta ya bei nafuu.

Kisha kuna mchele wa Kyela. Nenda Dar es Salaam, nenda Dodoma, kila duka lina mchele wa Kyela. Wilaya ile ingekuwa na mashamba hayo yote isingebaki na nafasi ya kujenga hata choo. Harufu ya mchele ule imetengenezwa na bonde lile na mbegu zile na mikono ile, na jina limepewa kila gunia lililopita njia. Mkulima wa Kyela anashindana na jina lake mwenyewe sokoni. Wanasheria wataniambia kwamba alama za biashara zinasajiliwa, na ni kweli, kampuni inaweza kusajili jina lake. Lakini Kyela si ya kampuni, kama vilima vya Trevi visivyo vya kampuni. Hicho ndicho ningependa Bunge na Wizara ya Viwanda wakitazame: jina la mahali, lenye mpaka uliochorwa, lenye masharti yaliyoandikwa na wakulima wenyewe, na mtu wa kulikagua anayelipwa kwa kazi hiyo. Tuanze na Kyela kwa sababu sifa tayari ipo na wizi tayari upo. Alizeti ya Isimani itasubiri foleni.

Na ufundi wa kigeni si lazima uje na mti wa kigeni. Kiwanda cha maziwa Njombe, kilichoinuliwa kwa msaada wa shirika la CEFA la Bologna, kilijifunza kutengeneza jibini kwa namna ya Kitaliano kwa maziwa ya wafugaji wa Njombe. Hakuna aliyetuletea milima ya kwao. Walileta joto la kupasha maziwa, muda wa kungoja, na usafi, na Njombe ikabaki Njombe. Parachichi zinazotoka Njombe na Rungwe kwenda Ulaya zingefaa kufuatwa na macho ya namna hiyo kabla hazijapatwa na yaliyompata mchele, hasa sasa ambapo nazo zimeanza kukamuliwa mafuta. Mafuta ya parachichi yanatoka kwenye nyama ya tunda kama ya zeituni, kwa mitambo inayokaribiana kabisa na ile niliyoiona, pamoja na pipa la kuzungusha na kipimajoto chake. Hapo ndipo ningemwomba mwenzangu wa Uyole aelekeze nguvu zake, kwa kuwa miti ipo tayari, na anayeandika vizuri hivyo anaweza kuwaandikia wakulima masharti yao.

Ningeomba pia watafiti walio jirani naye wafikirie jopo la kuonja. Si jambo la gharama kubwa. Bilauri za giza, vibanda, watu wenye pua nzima wasiovuta sigara, na miezi kadhaa ya kufundishwa kutofautisha alizeti iliyokaangwa mno, iliyokaa na unyevu, iliyochanganywa. Hapa mteja ana maswali mawili tu: yanatoa povu? yana harufu? Anayeuliza hivyo anakwenda kununua mafuta yaliyosafishwa mpaka hayana hata kumbukumbu ya ua. Simlaumu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwonyesha alizeti nzuri inavyopaswa kunukia, na mimi na wakamuaji wenzangu tumekuwa tukiuza nzuri na mbaya kwenye pipa moja.

Kwa upande wangu msimu unaanza Juni. Mkulima wa Isimani, Pawaga au Kilolo anayekubali gunia lake liandikwe kijiji na tarehe ya kuvunwa, na mbegu ziwe zimekauka sawasawa, aje Ipogolo. Nitamkamulia peke yake, skrubu ikiwa imesafishwa, bila kuongeza moto, na mafuta yatakuwa machache kuliko ya jirani yake. Nimwambie mapema ili asije akanituhumu. Nitayaweka kwenye madumu ya giza yenye jina la kijiji chake. Gharama ya kukamua ni ileile, na mashudu ni yake.

Mkamuaji wa alizeti,
Ipogolo, Iringa